Siku ya marehemu na mama, Moshi mpaka Marangu

Mwezi wa kumi ukikaribia kuisha mama huwa ananipigia simu na wala haulizi kama nitakuja, anauliza natoka Arusha na gari ya saa ngapi. Tarehe 2 Novemba ndo siku Wakatoliki tunawaombea marehemu wote na kwa mama hiyo siku ina maana moja tu, kupanda Marangu kwenye kaburi la baba, iwe mvua iwe jua. Watu wengi wa kwetu wanasubiri Desemba, wanakuja na magari kutoka Dar na kwingine wanachinja wanakula wanapita makaburini mara moja wanarudi kwenye nyama, na si vibaya, ila mama anasema Desemba ina kelele nyingi, huwezi kuongea na mtu.

Mwaka huu nimeamua niandike siku kwa siku, kwasababu kuna jambo lilitokea Jumamosi na sitaki lipotee.

ALHAMISI

Nimetoka Arusha saa tisa mchana, Coaster ikajaza stendi na bado ikaendelea kuokota watu Tengeru, Usa River, Maji ya Chai, mpaka konda mwenyewe hana pa kuweka mguu. Mvua ya vuli ilikua imeshapiga kuanzia Kikatiti, barabara inang'aa, na pale Bomang'ombe wamama wa vitunguu na nyanya wamefunika ndoo zao na nailoni wanakimbilia madirishani hivyohivyo. Moshi nimefika giza linaingia, nikachukua bajaji mpaka Majengo kwa mama.

Nimemkuta mezani na bahasha ya marehemu, ile wanayogawa parokiani mnaandika majina ya watu wenu mnaweka na sadaka ili waombewe kwenye misa za mwezi mzima wa 11. Miwani kaivaa puani, tochi ya simu kaiegemeza kwenye kopo la sukari kwasababu taa ya sebuleni imeungua na hajapata wa kumbadilishia. Anaandika polepole kwa herufi kubwa. Babu, bibi, baba, halafu kaka yetu yule aliyefariki mdogo ambaye sisi wengine hatukumuona, halafu majirani wawili ambao watoto wao wamehamia mbali na mama anasema kama yeye hawaandiki hamna atakayewaandika.

Pembeni ana karatasi nyingine ya shughuli za kesho, nikaichukua nikasoma. Presha. Bili ya maji. Sare kwa fundi. Kimea. Simenti kilo kumi. Baba. Mswaki. Vyote kwenye mstari mmoja na mwandiko uleule, baba katikati ya simenti na mswaki, na ukimjua mama unaelewa hajamchanganya na vitu, kwake baba bado yumo kwenye orodha ya watu anaowahudumia.

Tukala makande tukaongea habari ya kujengea kaburi. Wiki nzima kwenye grupu la familia hiyo ndo imekua mada, kaka mkubwa yuko Dar katuma picha za makaburi ya vigae, vingine vyeusi vinavyong'aa, vingine na kibanda cha bati juu na minyororo pembeni, anasema baba alitusomesha wote hawezi kulala kwenye simenti ya kupasuka. Wadogo zangu wameunga mkono na mchango umeshaanza kuahidiwa. Mama hajajibu kitu grupuni, anasoma tu. Nikamuuliza mama wewe unaonaje, akasema tutaongea tukifika, osha vyombo.

IJUMAA

Kliniki ya presha tumefika kabla ya saa moja asubuhi, na foleni ilikua imeshatoka nje ya mlango. Hospitali sitaitaja jina, ila faili la mama lilipotea kati ya dirisha moja na lingine, tukaambiwa nenda kule, kule wakasema rudi huku, mama akaenda akarudi bila kulalamika mpaka saa tano ndo akafungiwa kile kitambaa mkononi. Ikasoma mia hamsini na kitu. Nesi mpole kwelikweli akamwambia apunguze chumvi na asikose dawa hata siku moja, mama akauliza swali moja tu, kesho naweza kupanda mlima wa kwetu? Nesi akamuuliza ni wapi, alipoambiwa Marangu akacheka akasema panda polepole mama, na dawa meza kabla hujatoka.

Bili ya maji ilikua dakika mbili kwa wakala. Kwa fundi tukakaa zaidi kwasababu sare ya WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki, ilikua imebana mabegani na mama hataki kuvaa nguo inayobana mbele ya altare, akasimama pale kwenye kile chumba chembamba kanyoosha mikono fundi anafumua anashona tena, cherehani inalia, mimi nimekaa kwenye benchi na mfuko wa dawa.

Mbuyuni tukaenda kutafuta kimea cha ulezi kwa ajili ya mama mdogo, yule mke wa baba mdogo anayekaa kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, anapika mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, ya kuuza na mwaka huu ulezi kwake haukutoka vizuri. Mama ananunua kimea kwa kunusa na kutafuna, anachukua punje chache anazivunja na meno ya mbele anasubiri, kama utamu hauji anarudisha anaondoka bila kusema neno. Duka la nne ndo likamridhisha. Nimeambiwa kimea kikiwa kibaya mbege haichachuki vizuri hata ndizi ziwe zimeiva namna gani, na msesewe, yale magome ya mti yanayotiwa kwenye mbege, utatoa uchungu tu bila kitu cha kuusindikiza.

Mwisho duka la vifaa vya ujenzi. Simenti ya kupima kilo kumi, rangi nyeupe kopo dogo, rangi ya mafuta nyeusi kopo dogo kabisa, brashi mbili, moja nyembamba ya kuandikia. Kijana wa duka alivyosikia ni ya kaburi akatutolea vigae, akavipanga kaunta, akamwambia mama angalia hiki unakiona uso wako. Mama akakigusa akapitisha kiganja mara mbili. Akasema, kinateleza. Akalipa vitu vyake tukatoka.

Jioni misa ya Watakatifu Wote, mama na sare yake, bahasha ikaingia kapuni. Nimelala mapema.

JUMAMOSI

Tumesali misa ya kwanza, na chupa ya maji ya baraka tukaijaza hapo kanisani. Hili kwa asiyejua kwetu nalieleza kidogo. Mapadre siku hii wanabariki makaburi ya parokia, lakini Wachaga wengi tunazika nyumbani kwenye kihamba, kila ukoo na makaburi yake katikati ya migomba, na padre hawezi kufika kila kihamba kwa siku moja, kwahiyo watu wanabeba maji wanaenda kunyunyiza wenyewe. Ndo maana pia mtu wa kwetu akifia Mwanza au Dar ndugu watachanga mpaka mwili urudi. Kumwacha huko ni kama kusema hana kwao.

Hiace ya Marangu tukapata ya dirishani, mama kapakata kimea, mimi simenti miguuni. Kiboriloni, Uchira, Njiapanda, Himo, pale Himo ikasimama mda mrefu abiria wanapakia magunia, halafu ikaanza kupanda na ghafla hewa inabadilika, unatoka kwenye vumbi unaingia kwenye migomba na ubaridi. Marangu Mtoni tulikuta wagumu, wale wapagazi wa mlimani, wamejipanga na mabegi wakisubiri gari la kuwapeleka geti, msimu wa watalii haujakolea lakini vijana wako tayari. Mama akasalimiana na nusu ya soko. Shimbonyi hapa, shimbonyi pale, kila mmoja anamuuliza umekuja kumuona mzee? Na yeye anajibu ndio nimekuja kumuona, kama vile wamepanga saa ya kuonana.

Bodaboda zikatuacha chini ya njia ya kwetu maana pale juu palikua na utelezi. Tukapanda polepole, nesi kasema.

Kihamba chetu si kikubwa. Babu alikua na eneo zuri ila limegawanywa kwa watoto wa kiume na vya wajukuu navyo vinakuja, saivi kuna vihamba huku havifiki hata nusu ekari na bado vina nyumba, ng'ombe wa ndani, migomba, kahawa na makaburi. Kahawa imebaki michache sana. Baba aliajiriwa miaka mingi kwenye kukoboa kahawa pale mjini, na bado miaka ya tisini bei ilivyoharibika alikuja likizo akang'oa mibuni yake mwenyewe akapanda migomba, mama anasema siku ile hakula. Nyumba ya babu iko kwa baba mdogo kwasababu ndo kitindamimba, na kwa mila zetu kitindamimba anabaki na nyumba ya wazazi na anawatunza, na kwakweli babu na bibi aliwatunza vizuri mpaka mwisho, hilo nalisema wazi kabla sijafika mbele.

Makaburi yako upande wa juu wa nyumba chini ya mringaringa, karibu na mfongo, mfereji wa zamani ambao saivi maji yanapita kwa msimu tu. Babu, bibi, baba. Kuzunguka yote matatu kuna masale yaliyopandwa na bibi.

Mama kafika, kavua viatu vya kanisani, kavaa ndala, kafunga kanga kiunoni juu ya sare ambayo jana imeshonwa upya, nikamwambia mama sare, akasema nitaifua. Akaanza na majani. Mimi nikachukua mswaki wa zamani na sabuni ya unga nikaanza kwenye msalaba wa baba. Ule ukoga wa kijani wa Marangu unajishika kwenye simenti kabisa, ukisugua unatoka maji ya rangi ya mlenda, na chini yake herufi zinaanza kutokea moja moja. Jina. Alizaliwa 1948. Alifariki 2009. Ile 8 ilikua imeliwa upande mmoja inaonekana kama 3, mama akainama akaiangalia akasema itengeneze hiyo, wanamzeesha. Nikaiacha ikauke, nikachukua brashi nyembamba na rangi nyeusi nikaanza kuizungushia. Mkono ulikua unatetemeka mwanzoni, ukishaandika jina la baba yako kwa mkono wako mwenyewe juu ya kaburi lake kuna kitu kinakukaa kifuani, na hakikuumiza. Nilikua nataka herufi ziendelee.

Ufa ulikua mmoja tu, upande wa miguuni, nikaukorogea simenti nikauziba.

Mama alivyomaliza majani akaenda jikoni kwa mama mdogo akarudi na beseni la ndizi mshare za mtori na kisu, akakaa kwenye ukingo wa kaburi la baba. Akaanza kumenya. Anapaka mafuta kidogo mikononi utomvu usishike, anakata ncha, anapasua ganda, ndizi inatumbukia kwenye maji. Na huku anaongea naye. Kichaga kikichanganyika na Kiswahili, sauti ya kawaida kabisa ya mtu anayeongea na aliyeko chumba cha pili. Kamwambia presha iko mia hamsini lakini ameshameza dawa. Kamwambia bili ya maji imepanda. Kamwambia mjukuu wa dada yake ameolewa Rombo, na taa ya sebuleni imeungua, na kimea mwaka huu kizuri kimepatikana duka la nne. Kamwambia watoto wanataka kukuwekea vigae, mimi sitaki, nitakaa wapi.

Hapo ndo nilielewa kiganja cha jana kwenye kigae.

Na nilielewa zaidi baadae kidogo. Pembeni ya kaburi la baba, upande wa kulia, kulikua na rundo la mchanga na mawe. Niliyaona toka tunafika nikadhani ni ya ukarabati wa nyumba. Mama aliyaona pia na hakusema. Alimaliza ndizi zote, akapeleka beseni jikoni, akarudi na panga na jembe dogo, akaenda kwenye masale ya bibi akachagua mashina manne yaliyonyooka akayakata. Akasimama kwenye ukingo wa kaburi la baba akahesabu nyayo kwenda kulia, kisigino kwa kidole, kisigino kwa kidole. Akasimama. Akaniambia, hapa kichwa. Akatembea kushuka. Hapa miguu. Njoo usogeze hayo mawe.

Nikasogeza mawe, sikua na cha kujibu. Akachimba pembe ya kwanza akapanda sale, akashindilia udongo na kisigino, akaenda ya pili.

Kwa asiye Mchaga, sale si ua la kupendezesha. Ni mpaka wa shamba na ni alama ya kaburi, na mtu akikukosea akakuletea jani la sale lililofungwa fundo kuomba msamaha, ni vigumu sana kumkatalia. Ukikuta limepandwa mahali huling'oi. Mama alijua anachofanya na alifanya mchana kweupe na nguo ya kanisani.

Baba mdogo akatokea bandani na majani ya ng'ombe kwapani, akasimama. Ule mchanga ulikua wake, alikua anataka kujenga msingi wa tenki la maji ya mvua, lita 2000, maana pale ni tambarare na bati la nyumba linamwaga upande ule. Mtu yeyote angechagua pale. Akaangalia masale, akaangalia mama, akasema, shemeji, si ungeniambia tu.

Mama akasema, nakuambia sasa baba.

Wakanyamaza wote. Ng'ombe akalia. Halafu baba mdogo akaweka majani chini akauliza kwa sauti ya chini, kwani unaumwa? Mama akasema siumwi, presha tu, ila nimekaa mjini mda mrefu na watoto wako mbali na watu wanasahau, mimi niliolewa hapa. Baba mdogo akachukua jembe mkononi mwa mama akachimba ile pembe ya nne yeye mwenyewe.

Naomba niseme ninavyoona mimi. Mama ametoka kwenye nyumba hii zamani kwa ajili ya kazi ya baba mjini, na baba alivyofariki akabaki mjini kwasababu ya hospitali na kanisa na sisi. Kimila mke anazikwa kwa mumewe, kila mtu atakuambia hivyo, lakini ardhi ikibana, tenki likijengwa, mgomba ukipandwa, kizazi kingine kikija, ile nafasi inaondoka bila mtu yeyote kumkatalia. Nimeona wajane wakizikwa kwenye kona ya shamba, mbali na mume, kwasababu tu hamna aliyekumbuka kuacha nafasi. Mama hakutaka kikao, hakutaka kumgombanisha baba mdogo na kaka, hakutaka kuandika grupuni. Amepima mwenyewe kati ya kumenya ndizi na kupika mtori. Na alikua na haki, tena haki kabisa.

Na kuhusu vigae niko upande wake toka jana dukani. Makaburi ya vigae ninayoyaona huku watu wanayasimamia mbali wanapiga picha na kuondoka, hamna cha kufanya pale. Hili la baba kila mwaka linataka mkono wa mtu.

Saa kumi tukasali wote, watoto wa baba mdogo wakiwemo, mama akanyunyiza maji ya baraka kwa babu, kwa bibi, kwa baba, akapita ile nafasi yenye masale manne bila kunyunyiza. Raha ya milele uwape ee Bwana, na mwanga wa milele uwaangazie. Mishumaa upepo ukaizima mara mbili tukaiacha. Baba mdogo alivyopewa kata ya mbege alimwaga kidogo chini kwa babu kabla ya kunywa, mama huwa hamwagi ila hamkatazi. Mtori ulikua mzito na nyama imeiva mpaka inaachana yenyewe, chumvi kidogo sana, mama mdogo kaambiwa.

Tukalala huko huko.

JUMAPILI

Usiku niliandika grupuni. Niliweka picha ya msalaba uliopakwa rangi na nikaeleza habari ya tenki na masale kama ilivyokua, bila kumlaumu mtu. Kaka akanipigia saa kumi na mbili asubuhi, alikua amelia, akauliza mama anasemaje kuhusu vigae, nikamwambia anasema atakaa wapi. Akanyamaza, akasema basi.

Asubuhi baba mdogo akanizungusha nyumba nzima tukatafuta sehemu nyingine. Upande wa jikoni panafaa ila bati la huko ni dogo na inabidi gata ivutwe kutoka nyumba kubwa, mita kama kumi na mbili hivi na bomba la kushusha. Tukapiga hesabu na fundi wa jirani hapo hapo njiani, na ule mchango wa vigae kwenye grupu ndo umebadilishwa jina. Mchanga na mawe watoto wameshaanza kuhamisha kabla hatujaondoka, na mama kawaagiza wamwagilie masale kama mvua ikikatika.

Tumeshuka na hiace ya saa nne, mama na mkungu wa ndizi na maziwa kwenye dumu. Moshi nikambadilishia taa ya sebuleni kabla sijakimbilia stendi. Fundi wa gata anaanza Jumatano, mimi nalipia bomba, kaka gata, wadogo zangu simenti ya msingi.